Usafi wa nyumba: Dakika chache kila siku hushinda kazi nzito ya Jumamosi

KATIKA maboma mengi ya Meru na Embu, Jumamosi ni siku ya jasho. Tangu asubuhi maji huchotwa, viti hutolewa nje, nguo za wiki nzima hulowekwa na sakafu husuguliwa mpaka jioni. Kwa Waadventista, pilkapilka hizo huangukia Ijumaa ili Sabato ikute nyumba imetulia.

Siku inayofuata familia huenda ibadani ikiacha nyumba inayong'aa. Lakini haipiti siku mbili au tatu kabla ya vyombo kurundikana tena, vumbi kutanda chini ya vitanda na choo kuanza kunuka. Nyumba hukaa katika hali hiyo mpaka Jumamosi nyingine, au mpaka habari zifike kwamba kuna mgeni njiani.

Hali hii haitokani na uvivu. Mara nyingi anayelalamika kwamba nyumba imemshinda ndiye anayefanya kazi kwa bidii zaidi. Kasoro iko katika mpangilio. Kazi iliyofaa kugawanywa katika siku saba hurundikwa katika siku moja, ikawa nzito kiasi cha kuchosha, na matokeo yake hayadumu.

Anayebeba mzigo huo kwa kawaida ni mama na binti zake. Msichana anayejiandaa kwa mtihani hupoteza Jumamosi nzima kwenye karai la nguo, huku mama aliyeamka alfajiri wiki nzima kuchuma majani chai au kupalilia mahindi akikosa hata siku moja ya kunyoosha mgongo. Ndiyo maana kuweka utaratibu mwepesi wa usafi ni jambo linalogusa afya na elimu ya watoto, wala si suala la urembo wa nyumba pekee.

Uchafu una kalenda yake

Msingi wa utaratibu mzuri ni kufahamu kwamba uchafu hausubiri Jumamosi. Kila aina ya uchafu, na kila mdudu anayeutegemea, ana kasi yake. Anayeijua kasi hiyo hujua ni kazi gani inapaswa kufanywa kila siku, ipi kila wiki na ipi inaweza kungoja mwezi.

Mfano wa kwanza ni nzi wa nyumbani. Katika hali ya joto, yai la nzi huweza kuwa nzi kamili kwa muda wa siku saba hadi kumi. Taka za jikoni zinazomwagwa mara moja kwa wiki huwa zimempa nzi karibu muda wote anaouhitaji. Zikiondolewa kila siku, au angalau kila baada ya siku mbili, mabuu hukosa mahali pa kukulia.

Mbu naye huhitaji takribani wiki moja hadi mbili kutoka yai hadi kuruka. Mtungi, pipa au sufuria kuukuu iliyojaa maji ya mvua ikimwagwa na kusuguliwa kila wiki, viluwiluwi hufa kabla ya kuwa mbu. Jambo hili lina uzito katika sehemu za chini zenye joto kama vile Mbeere na Tharaka, ambako malaria husumbua kuliko kwenye miteremko ya juu ya Mlima Kenya.

Kunguni hutaga mayai ambayo huanguliwa baada ya siku sita hadi kumi. Familia inayomwagia kitanda maji moto mara moja kisha ikatulia hushangaa kuwaona wamerudi. Hawakurudi, bali wametoka katika mayai yaliyosalia kwenye nyufa za mbao. Kazi hiyo inapaswa kurudiwa baada ya wiki mbili, na kurudiwa tena iwapo dalili zitaonekana.

Funza na vumbi la sakafu

Mfano unaoeleza zaidi umuhimu wa kazi ya kila siku ni funza. Mdudu huyu hakuwa wa Afrika Mashariki tangu zamani. Asili yake ni Amerika Kusini, na alifika Angola mwaka 1872 kabla ya kuenea barani katika miongo iliyofuata. Shirika la Afya Duniani (WHO) huyahesabu maradhi ya funza miongoni mwa maradhi ya ukanda wa joto yaliyopuuzwa.

Funza jike hujichimbia kwenye ngozi ya mguu, akafura na kutoa mayai yanayoanguka chini. Mayai hayo huanguliwa baada ya siku chache, na viwavi wake huishi katika vumbi kavu, hasa kwenye vyumba vya kulala vyenye sakafu ya udongo. Baada ya wiki tatu hivi, funza wapya huwa tayari kuingia miguuni.

Kwa hivyo, kumtoa funza mguuni bila kuondoa vumbi ni kazi isiyo na mwisho. Sakafu ya udongo inapaswa kunyunyizwa maji kidogo na kufagiwa kila siku, pamoja na chini ya vitanda na pembeni mwa kuta. Nyufa zikitokea, zizibwe kwa kusiriba upya. Mbuzi, mbwa na nguruwe nao hushambuliwa na mdudu huyu, na familia inayolala chumba kimoja na mifugo hujiongezea hatari.

Mtoto aliyejaa funza hutembea kwa shida, huchekwa na wenzake na wakati mwingine huacha shule. Mengi ya mateso hayo huweza kuzuiwa kwa ndoo ya maji, ufagio na dakika kumi kila asubuhi.

Kazi za kila siku

Wengi hukosea kwa kuandika orodha ndefu ya kazi za kila siku. Baada ya siku nne orodha hiyo huwa mzigo, na huachwa. Utaratibu unaodumu huwa na vipindi viwili vifupi, kimoja asubuhi na kingine baada ya chajio, kila kimoja kisizidi dakika 15 hadi 20.

Asubuhi ni wakati wa mambo manne: kufungua madirisha, kutandika vitanda, kufagia na kutoa taka. Kila anayeweza kutandika kitanda chake akitandike mwenyewe kabla ya kunawa uso. Kipindi hiki ni kifupi kwa makusudi, kwa kuwa asubuhi ya maeneo haya ina haraka. Wachumaji majani chai wa Githongo na Kianjokoma huwahi shambani ili majani yafike kituo cha kununulia kwa wakati, nao wavunaji wa miraa kule Igembe hushindana na saa kwa sababu zao lao hupoteza thamani likinyauka.

Jioni ni wakati wa jikoni. Vyombo vyote vioshwe kabla ya kulala, meza na sehemu ya kupikia vipanguswe, mabaki ya chakula yafunikwe na unga urudishwe katika chombo chenye kifuniko. Mende na panya hutembea usiku. Jiko lililoachwa na sufuria zenye makoko ni karamu iliyoandaliwa kwa ajili yao.

Choo cha shimo nacho kifagiwe kila siku. Kutia majivu kidogo shimoni hupunguza harufu na nzi, na kifuniko cha shimo kisikose. Karibu na mlango wake pawe na maji na sabuni. Kibuyu chirizi kilichotengenezwa kwa mtungi mdogo na kamba kinatosha. Wakati wa maradhi ya Covid-19 mwaka 2020, karibu kila duka na kila lango lilikuwa na ndoo yenye mfereji, lakini nyingi ziliondolewa baadaye. Kunawa mikono kwa sabuni baada ya kutoka chooni na kabla ya kula bado ni kinga dhidi ya maradhi ya kuhara, ambayo ni hatari mno kwa watoto wadogo.

Kila siku na sehemu yake

Kazi kubwa zaidi zigawanywe, kila siku ipewe sehemu moja ya nyumba. Nusu saa hutosha kwa sehemu nyingi. Familia inaweza kuanza kwa mpango ufuatao, kisha ikaubadilisha kulingana na hali yake.

Jumatatu iwe ya vyumba vya kulala: kubadilisha shuka, kukung'uta blanketi na kufagia chini ya vitanda. Jumanne iwe ya choo na bafu, sakafu na kuta zisuguliwe kwa brashi na sabuni. Jumatano iwe ya mitungi na mapipa ya maji, ambayo humwagwa, husuguliwa ndani na kujazwa upya. Siku hiyo hiyo zinaweza kufuliwa sare za shule na nguo chache ili zisingoje Jumamosi.

Alhamisi iwe ya jikoni: rafu, kabati, masizi kwenye kuta na sehemu ya kuwekea kuni. Ijumaa choo kisuguliwe tena na sebule ipigwe deki. Jumamosi hubaki na kufua na kufagia ua, kazi ambazo zinaweza kukamilika kabla ya saa sita mchana. Jumapili iwe ya mapumziko, isipokuwa vile vipindi viwili vifupi. Familia za Kiadventista zinaweza kuhamishia kazi za Jumamosi siku ya Jumapili bila kuharibu chochote.

Mara moja kwa mwezi, magodoro yatolewe juani, utando wa buibui uondolewe darini, madirisha yasafishwe na vitu vilivyo nyuma ya makabati visogezwe. Gunia za mahindi na maharagwe zikaguliwe, na ziwekwe juu ya mbao badala ya kugusa sakafu au ukuta. Unyevu huzaa ukungu, na mahindi yaliyoota ukungu huweza kuwa na sumu ya aflatoksini inayodhuru ini.

Kufuata majira

Utaratibu wa Januari hauwezi kuwa sawa na wa Novemba. Katika miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, adui mkuu wa sakafu ni tope jekundu. Njia rahisi ya kulishinda ni kulizuia mlangoni. Gunia kuukuu la kupangusia miguu na mahali pa kuacha viatu na gambuti huokoa kazi nyingi ya kupiga deki.

Kati ya Juni na Agosti, ukungu na manyunyu hufunika miteremko ya juu na nguo hukawia kukauka. Wakati huo ni afadhali kufua kidogo kidogo mara tatu kwa wiki kuliko kuloweka rundo litakalokaa na unyevu siku nne. Januari na Februari jua huwaka, na huo ndio wakati mzuri wa kuanika magodoro, kuosha blanketi nzito na kuziba nyufa za sakafu.

Upande wa Siakago, Kiritiri na Ishiara tatizo huwa maji yenyewe. Mtungi wa lita 20 una uzito wa kilo 20, na kila tone limebebwa. Maji ya kusuuzia nguo yanaweza kupigia deki sakafu, kisha yakaoshea choo au kunyunyizwa uani. Kinachotakiwa ni kufuata mpangilio: maji yatoke kwenye kazi safi kwenda kwenye kazi chafu, na yasirudi nyuma kamwe.

Juu kwanza, chini baadaye

Mpangilio huo huo unafaa katika kila chumba. Anza juu na umalizie chini, kwa kuwa vumbi la darini huangukia sakafuni. Fagia kabla ya kutia maji, la sivyo vumbi litageuka matope. Anza sehemu iliyo safi na umalizie iliyo chafu zaidi. Tambara la choo lisiingie jikoni hata kama limefuliwa, na brashi yake iwe na mahali pake pa pekee.

Vifaa havihitaji kuwa vya gharama. Ufagio, ndoo mbili, brashi, matambara ya nguo kuukuu, sabuni na majivu yaliyochekechwa vinatosha kwa kazi nyingi. Majivu yamesugua masufuria ya nyanya na mama kwa vizazi vingi, na hayajapoteza nguvu.

Anayetumia dawa ya klorini, inayojulikana sana kwa jina la Jik, azingatie mambo mawili. Kwanza, mahali paoshwe kwa sabuni kabla ya kutiwa dawa, kwa sababu uchafu hula nguvu ya klorini. Pili, dawa hiyo isichanganywe kamwe na dawa ya choo yenye asidi wala yenye amonia. Mchanganyiko huo hutoa hewa yenye sumu inayoweza kudhuru mapafu, hasa katika bafu dogo lisilo na dirisha.

Dawa za usafi na mafuta ya taa visiwekwe katika chupa za soda. Mtoto mwenye kiu hawezi kutofautisha. Viwekwe mahali pa juu, katika chupa zake zenyewe, na mlango ufungwe.

Taka nazo zitenganishwe tangu jikoni. Maganda ya ndizi na viazi yaende kwa ng'ombe au kwenye shimo la mboji, chupa na plastiki zikae kando. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, familia nyingi zimezoea ndoo yenye kifuniko inayooshwa kila inapomwagwa. Ndoo hiyo ni bora kuliko mfuko uliotoboka nyuma ya mlango.

Nani afanye?

Utaratibu wowote, hata uwe mzuri namna gani, huvunjika ukimtegemea mtu mmoja. Utafiti wa matumizi ya wakati uliofanywa na Shirika la Taifa la Takwimu (KNBS) mwaka 2021 ulionyesha kwamba wanawake nchini Kenya hutumia takribani mara tano ya muda wanaotumia wanaume kwa kazi za nyumbani na malezi zisizolipwa. Mama akiugua au akisafiri, nyumba ya aina hiyo husimama.

Mgawo mzuri hufuata umri na nguvu, wala haufuati jinsia. Mtoto wa miaka mitano anaweza kupanga viatu na kukusanya vitu vyake. Wa miaka minane anaweza kufagia na kupangusa meza. Wa miaka kumi na miwili anaweza kuosha vyombo, kusugua mtungi na kufua soksi zake. Kijana wa kiume ambaye ametoka jandoni hapungukiwi na chochote akishika ufagio. Kesho atakwenda chuoni Nchiru au Chuka, au apange chumba mjini, na huko hakuna dada wa kumwoshea sufuria.

Baba naye apewe kazi yenye jina lake. Kutengeneza kifuniko cha choo, kuziba nyufa, kuchoma kibuyu chirizi matundu na kubeba magodoro juani ni kazi ambazo zikiachwa zisizo na mwenyewe hazifanywi. Pale ambapo kuna mfanyakazi wa nyumbani, ratiba humsaidia kujua siku yake inaishia wapi, na humwondolea lawama za kila saa.

Katika ploti za kupangisha kama zile za Makutano mjini Meru au Dallas mjini Embu, tatizo kubwa huwa choo na mfereji wa pamoja. Kila mpangaji humngoja mwenzake. Karatasi moja ukutani yenye namba za vyumba na zamu zao huondoa ugomvi mwingi, mradi zamu iwe fupi, ya siku moja au mbili, na vifaa vya kusafishia vinunuliwe kwa mchango wa wote.

Namna ya kuanza

Anayetaka kuanza asianze na yote. Achague jambo moja, kwa mfano kuosha vyombo kila usiku, alishike kwa wiki mbili bila kuongeza lingine. Likishakuwa mazoea, aongeze la pili. Baada ya miezi mitatu nyumba itakuwa na utaratibu kamili ambao hakuna aliyehisi umeingia.

Siku zitatokea ambapo ratiba itavurugika: kuna matanga, mtoto amelazwa, au mavuno yamebana. Kosa linaloua utaratibu ni kujaribu kulipa deni lote siku inayofuata. Kazi ya Jumanne iliyokosekana isubiri Jumanne ijayo, na familia ifanye ya leo. Hata hivyo, mambo matatu yasiachwe hata siku ya matanga: kunawa mikono, kufunika chakula na kufagia mahali watoto wanapolala.

Waswahili walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika nyumba yenye sakafu ya udongo, ufa huo ndimo funza anamokulia, na wiki tatu zinatosha.